MAISHA YA BIBI MARY AINSWORTH, ALIYEJIFUNZA MALEZI KWA AKINA MAMA WA BUGANDA

Vitabu vyetu vya historia vimejaa habari za wafalme, majemadari na wasafiri waliovuka bahari. Ni nadra kusoma habari za mtu aliyepata sifa kwa kukaa sebuleni mwa watu na kutazama watoto wachanga wakitambaa. Lakini mtu wa namna hiyo alikuwako, na kazi iliyompatia sifa hakuianza Ulaya wala Marekani. Aliianza vijijini karibu na Kampala mwaka 1954. Jina lake ni Mary Ainsworth. Leo kila asomaye saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu, hukutana na jina hilo mapema katika masomo yake. Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna haki ya kulijua kuliko wengine, kwa kuwa walimu wake katika jambo hili walikuwa akina mama wa jirani zetu, Waganda. Basi tunawaletea wasomaji wetu habari za maisha yake, na mwisho tutaona zina maana gani kwetu sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru.

Kuzaliwa kwake na masomo yake

Mary Salter, ndilo jina lake la kwanza, alizaliwa tarehe 1 Desemba, 1913, katika mji wa Glendale, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa mtoto wa kwanza katika watoto watatu, wote wasichana. Mwaka 1918 jamaa yote ilihamia Toronto, katika nchi ya Kanada, kwa sababu ya kazi ya baba, na huko ndiko alikokulia. Wazazi wake walipenda sana elimu, na kila juma waliwachukua watoto kwenda maktaba. Mary alijua kusoma akiwa na umri wa miaka 3 tu.

Alipokuwa na miaka 15 alisoma kitabu cha bwana mmoja, William McDougall, kilichoeleza habari za tabia za watu. Kitabu kile kilimfungua macho. Alikuwa akidhani kwamba mtu hukasirika au huogopa kwa sababu ya mambo ya nje tu; sasa akaona kwamba mtu aweza kujitazama ndani na kutafuta huko sababu ya mambo ayatendayo. Akakata shauri kuifuata elimu hiyo. Aliingia Chuo Kikuu cha Toronto akiwa na miaka 16, akapata shahada ya kwanza mwaka 1935, ya pili mwaka 1936, na ya udaktari mwaka 1939.

Mmoja wa walimu wake, Profesa William Blatz, alikuwa na fundisho moja lililomkaa Mary moyoni maisha yake yote. Alifundisha kwamba mtoto mdogo hawezi kuuendea ulimwengu na kujifunza mambo mapya mpaka kwanza awe na mtu wa kumtegemea bila wasiwasi. Akiwa na hakika kwamba mzazi yupo nyuma yake, huthubutu kwenda mbele. Mary aliandika kitabu chake cha shahada ya udaktari juu ya jambo hilo.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto, mwaka 1942, aliacha kufundisha akajiunga na jeshi la wanawake la Kanada. Kazi yake ilikuwa katika idara ya kuchagua watu wafaao kwa kila kazi, akapanda mpaka cheo cha meja. Baada ya vita alirudi kufundisha. Siku zile haikuwa rahisi kwa mwanamke kupata kazi ya kufundisha chuoni. Chuo kimoja kilitaka kumwajiri, lakini wakubwa wake wakakataa kwa kuwa alikuwa mwanamke. Hakuvunjika moyo, alirudi Toronto akaendelea na kazi yake.

Watoto wa hospitali za London

Mwaka 1950 Mary aliolewa na Leonard Ainsworth, aliyekuwa mwanafunzi wa elimu ile ile, wakasafiri kwenda London ambako mumewe alikwenda kumalizia masomo. Mary hakuwa na kazi. Rafiki yake akamwonyesha tangazo gazetini: daktari mmoja alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia katika uchunguzi wa watoto waliotengwa na mama zao. Daktari huyo alikuwa John Bowlby. Mary aliomba kazi akaipata, na tangazo lile la mistari michache likageuza maisha yake.

Msomaji wa leo huenda atashangaa kusikia hali ya hospitali nyingi za Uingereza wakati ule. Mtoto mdogo akilazwa, mama hakuruhusiwa kukaa naye. Hospitali nyingine ziliwaruhusu wazazi kuja saa chache tu kwa juma, na nyingine ziliwakataza kabisa kwa muda. Wakubwa wa hospitali walisema kwamba mtoto akimwona mama hulia, na asipomwona hutulia.

Katika ofisi ya Bowlby alikuwako Mskoti mmoja, James Robertson, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa wodini na kuandika aliyoyaona. Aliona kwamba mtoto aliyeachwa hupita hatua tatu. Kwanza hulia kwa nguvu na kumtafuta mama. Halafu hunyamaza, akalala kimya, hataki kucheza. Mwishowe huchangamka kidogo akacheza na wauguzi, nao husema kwamba amezoea. Lakini siku mama ajapo, mtoto humtazama kama mgeni. Robertson alifahamu kwamba kimya kile hakikuwa amani. Mtoto alikuwa amekata tamaa. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo, na madaktari wengi waliichukia. Hata hivyo ukweli ulishinda polepole. Mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilishauri kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitali wakati wote.

Mary aliipenda sana njia ya Robertson ya kukaa, kutazama na kuandika bila kupita, akaweka nia kwamba siku moja ataitumia mwenyewe. Lakini katika jambo moja hakukubaliana na Bowlby. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu: ampaye chakula ndiye ampendaye. Bowlby alianza kutia shaka. Alikuwa amesoma kazi ya Konrad Lorenz wa Austria, aliyeonyesha kwamba vifaranga vya bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza wamwonaye, hata kama hawapi chakula chochote. Bowlby akawaza kwamba huenda mtoto wa binadamu naye huzaliwa na haja ya kushikamana na mtu, haja iliyo mbali na njaa ya tumbo. Mary alidhani rafiki yake anapotea, na kwamba watu watamcheka. Alikuwa na mawazo hayo alipokuja Afrika.

Katika nyumba za Waganda

Mapema mwaka 1954 Leonard alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika ya Mashariki iliyokuwa Makerere. Makerere ndicho kilichokuwa chuo cha elimu ya juu cha nchi zetu zote. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amesoma huko miaka michache iliyotangulia. Nchi ya Buganda ilikuwa na huzuni na hasira, maana mnamo Novemba 1953 serikali ya Kiingereza ilimwondoa Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka Uingereza, naye hakurudi mpaka Oktoba 1955. Haukuwa wakati rahisi kwa mgeni Mzungu kubisha hodi katika nyumba za watu.

Lakini Mary alibisha hodi, akafunguliwa. Alijifunza Kiganda kiasi, akapata mkalimani, akachagua jamaa 26 zenye watoto 28 waliokuwa bado wananyonya, katika vijiji vya karibu na Kampala. Kila baada ya majuma mawili alizuru kila nyumba kwa saa mbili hivi, na aliendelea hivyo kwa muda uliofika miezi 9. Alikwenda alasiri, wakati akina mama wametoka katika migomba yao na kukaa sebuleni kupokea wageni. Hapo aliketi nao, akizungumza na kutazama.

Shauri lake la kwanza lilikuwa kuchunguza kuachishwa ziwa. Alikuwa amesikia kwamba Waganda huwapeleka watoto kwa bibi zao wakati huo ili wasahau ziwa, akafikiri kwamba hapo ataona tena huzuni ya watoto wa London. Alipofika alikuta desturi hiyo karibu imekwisha. Mwingine angefunga mizigo yake. Yeye alisema na nafsi yake kwamba kama hawezi kuona namna mapenzi yanavyovunjika, basi atazame namna yanavyojengwa. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitazama kwa makini nyumbani mwa watu, mwezi baada ya mwezi.

Tazama sasa aliyoyaona. Mtoto mchanga kabisa hupokewa na kila mtu akaridhika. Miezi inapopita huanza kuchagua. Akilia, mama akimbeba hunyamaza, mwingine akimbeba huendelea. Mama akitoka, humfuata kwa macho, halafu kwa kutambaa. Mama akirudi, mtoto wa Kiganda hupiga makofi kwa furaha, kwa kuwa kukumbatiana na kubusiana haikuwa desturi ya huko. Akija mgeni, mtoto hukimbilia magotini pa mama na kuficha uso. Na jambo lililomshangaza Mary zaidi ni hili: mtoto akisha kuwa na hakika ya mama, humwacha. Hutambaa mpaka mlangoni, hushika chungu, humtazama kuku, kisha hugeuka kuangalia kama mama yupo, au hurudi amguse kidogo, halafu huenda tena mbali zaidi. Mama alikuwa kama kambi ya mpanda mlima: mtu hutoka hapo kwenda juu, na hali ya hewa ikichafuka hurudi hapo. Fundisho la Profesa Blatz, alilolisoma Toronto vitabuni, sasa alikuwa akiliona kwa macho sakafuni mwa nyumba ya Mganda.

Aliona pia kwamba Bowlby hakupotea. Watoto hawakushikamana na mama kwa sababu ya maziwa tu, maana wengine walishikamana vile vile na baba, au bibi, au ndugu mkubwa, watu wasiowanyonyesha. Wala mtoto hakungoja kupendwa kama chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Mwenyewe aliita, alifuata, alishika.

Mwishowe aliwagawa watoto wale 28 katika mafungu matatu. Watoto 16 walikuwa na hakika ya mama zao. Walilia kidogo na walicheza kwa uhuru mama akiwapo. Watoto 7 walikuwa na wasiwasi. Walilia mara kwa mara hata mikononi mwa mama, na hawakuthubutu kwenda mbali. Watoto 5 walikuwa bado hawajaonyesha kushikamana na mama kuliko mtu mwingine.

Ni nini kilichowatenga? Si wingi wa wasaidizi, kwa kuwa Mary hakuona kwamba kulelewa na watu kadhaa kwenyewe kulimdhuru mtoto. Aliona kwamba mama wa watoto wenye hakika walikuwa wakiwatunza sana wenyewe, na wengi walifurahia kuwanyonyesha. Tena walikuwa na dalili moja ya ajabu. Alipowauliza habari za mtoto, walieleza mambo mengi, madogo madogo, bila kusukumwa: hupenda nini, huogopa nini, kilio hiki maana yake nini. Walikuwa wakimsoma mtoto kama mtu asomavyo barua, na kumjibu sawasawa na alivyoandika.

Baltimore na chumba cha wageni

Mwaka 1955 akina Ainsworth waliondoka Afrika wakaenda Baltimore, Marekani, na Mary akapata kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1960 ndoa yao ilivunjika, jambo lililomhuzunisha sana. Alikuwa ametamani kupata watoto, lakini hakujaliwa. Hata hivyo aliinama kwenye kazi. Mwaka 1963 alianza uchunguzi mwingine wa jamaa 26, sasa za Wamarekani. Yeye na wasaidizi wake walizuru kila nyumba baada ya majuma matatu, saa nne kwa kila mara, tangu mtoto azaliwe mpaka atimize mwaka. Hesabu yake ni saa 72 hivi kwa kila mtoto. Mwaka 1967 alitoa kitabu chake juu ya watoto wa Uganda.

Huko Baltimore alikutana na tatizo. Mtoto wa Kiganda alionyesha wazi hofu yake mama akitoka, lakini mtoto wa Marekani alizoea kumwona mama akiingia na kutoka vyumbani, akawa hashtuki. Ndipo Mary alipotunga mtihani mdogo wa dakika 20 hivi. Mama na mtoto wa mwaka mmoja huingia katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia. Mama hutoka kwa dakika chache, kisha hurudi. Hutoka tena, na kurudi tena. Watu wengi hudhani kwamba jambo la kutazama ni kilio mama akitoka. Mary aliona kwamba jambo kubwa ni namna mtoto ampokeavyo mama akirudi.

Watoto wengi, karibu theluthi mbili, walimwendea mama, wakabembelezwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Wengine walimng'ang'ania huku wakimsukuma kwa hasira, wala hawakutulizika. Wengine tena waligeuza uso wakacheza kana kwamba hakuna aliyeingia. Hao wa mwisho walisifiwa na watu wengi kuwa ni wapole na wanajitegemea. Lakini watafiti waliofuata walipowapima mapigo ya moyo waliona kwamba moyo ulikuwa ukienda mbio. Walikuwa wamejifunza mapema kwamba kulia hakuleti msaada. Lile fundisho la hospitali za London lilikuwa limerudi: kimya cha mtoto si lazima kiwe amani.

Mwaka 1972 Mary na mwanafunzi wake, Silvia Bell, walitangaza jambo lililozua ubishi mkubwa. Katika nyumba zile za Baltimore, watoto ambao mama zao waliitika upesi walipolia katika miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo walipokaribia kutimiza mwaka. Waliotelekezwa walie ndio waliozidi kulia. Wako wataalamu waliobisha hesabu zake, na mabishano yalikwenda miaka mingi, lakini wazo kwamba mchanga akiitikiwa ataharibika lilipoteza nguvu.

Hapa twakumbuka methali yetu ya mchelea mwana kulia. Watu huitumia mara nyingi kuwaonya wazazi wasiwadekeze watoto, nayo ni methali ya kweli kwa mtoto mwenye akili ya kuonywa. Mtoto wa miezi minne hajafika huko. Hana ujanja wala kiburi. Kilio ndiyo lugha yake yote. Kumwitikia si kumdekeza, ni kumjibu aliyekuita.

Mwisho wa maisha yake

Katika miaka ya 1970 Bibi Ainsworth alihamia Chuo Kikuu cha Virginia, akafundisha huko mpaka alipostaafu mwaka 1984. Mwaka 1978 alitoa, pamoja na wenzake, kitabu kikubwa juu ya uchunguzi wa Baltimore. Wanafunzi wake walienea vyuoni. Mmoja wao, Mary Main, aliongeza fungu la nne, la watoto waliovurugika kabisa kwa sababu mtu wanayemkimbilia ndiye huyo huyo wanayemwogopa. Bowlby alifariki mwaka 1990, baada ya urafiki wa miaka arobaini. Mary Ainsworth alifariki tarehe 21 Machi, 1999, akiwa na umri wa miaka 85.

Kazi yake haikukosa wapinzani, na si vema kuwaficha. Wako wasemao kwamba mtihani wa chumba kigeni ulitungwa kwa watoto wa Marekani, na kwamba katika nchi nyingi za Afrika mtoto hulelewa na mikono mingi, hivyo tusimtazame mama peke yake. Hoja hiyo ina nguvu, tena Waganda wenyewe walikwisha kumwonyesha Mary kwamba mtoto aweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja. Wako pia waliotumia maneno yake kuwalaumu akina mama maskini. Lakini umaskini hauzuii jambo hili. Katika mtaa wa Khayelitsha karibu na Cape Town, mahali pa mabanda na dhiki nyingi, watafiti walitangaza mwaka 2005 kwamba watoto karibu 62 katika kila 100 walikuwa na hakika ya mama zao, hesabu isiyo mbali na ile ya Baltimore.

Nasi chini ya Mlima Meru

Msomaji ataniuliza: mambo ya Kampala na Baltimore yatuhusu nini sisi? Na tuangalie nyumba zetu.

Zamani katika miji ya Waarusha na Wameru mtoto alikuwa mgongoni mwa mama shambani, au kwa bibi, au kwa dada wa boma lile lile. Watu walikuwa wengi, lakini walikuwa wale wale, jana, leo na kesho. Methali isemayo kwamba mkono mmoja haulei mwana ilikuwa na mikono inayojulikana. Siku hizi mama huondoka alfajiri kwenda soko la Kilombero au Tengeru, au kwenye mashamba ya kahawa na maua ya upande wa Usa River, au ofisini mjini. Baba aongozaye watalii huenda Serengeti na Ngorongoro siku nyingi. Bibi yuko mbali mlimani. Mtoto huachwa na msichana wa kazi.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Hesabu mwenyewe: siku 84 ni majuma 12. Mtoto hushikamana na mlezi waziwazi katika nusu ya pili ya mwaka wake wa kwanza. Maana yake ni kwamba mama hurudi kazini kabla kazi ile haijakamilika, na mwenzake wa kuikamilisha ni huyo msichana wa kazi. Akina mama wa sokoni na wa vibarua, ambao ni wengi zaidi, hawana hata siku hizo.

Basi msichana huyo si mtumishi wa kufua nepi tu. Kwa mtoto yeye ni nusu ya ulimwengu. Lakini mara nyingi yeye mwenyewe ni mtoto wa mtu, ametoka kijijini juzi, hulala mwisho na kuamka mwanzo, hulipwa kidogo, na hutukanwa mbele ya mtoto amleaye. Sheria yetu hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na bado wako. Baada ya miezi michache hufukuzwa au hutoroka, akaletwa mwingine, halafu mwingine. Wazazi huhesabu mayaya. Mtoto huhesabu watu waliompotea. Atakaye mwanawe awe na moyo mtulivu na amtendee mlezi wake kwa heshima, amlipe haki yake, ampe sababu ya kukaa.

Serikali yetu nayo imeliona jambo hili. Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na moja katika nguzo zake huitwa malezi yenye mwitikio. Neno hilo, mwitikio, ndilo Bibi Ainsworth aliloliona sebuleni mwa Waganda kabla hatujapata uhuru.

Wanafunzi wenzetu, wengi wetu tutarudi likizo na kukuta mdogo au mpwa anayetambaa. Hatuhitaji fedha wala chumba cha majaribio. Akilia, tumwendee upesi, hata kama ni kumbeba na kusema naye tu. Tukitoka, tumuage, tusimtoroke akiwa amegeuka, maana aliyetorokwa huanza kulinda mlango badala ya kucheza. Akitambaa kwenda mbali, tusimvute nyuma pasipo hatari. Tukae mahali atakapotuona akigeuka. Wavulana wasidhani kwamba kazi hii ni ya wasichana, kwa kuwa wako watoto wa Buganda walioshikamana na baba na kaka zao vile vile. Na yule msichana aliye jikoni kwetu, tumwite kwa jina lake, tumsaidie kazi, ili apate nafasi ya kukaa na mtoto mkekani.

Hayo ndiyo maisha ya Mary Ainsworth. Hakuzaa, lakini nchi nyingi leo huwalea na kuwatibu watoto kwa namna nyingine kwa sababu alikuwa na subira ya kukaa na kutazama. Waliomfundisha walikuwa wakulima wa migomba, na wengi wao hatuwajui kwa majina. Walijua tangu zamani kwamba mtoto mwenye mahali pa kurudi ndiye aendaye mbali.